Mkunjo wa Tatu

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Mvua ya manyunyu ilianza kabla ya alfajiri, na kufikia saa moja asubuhi ilikuwa bado inanyesha vilevile, haizidi wala haikomi. Ilikuwa mvua ya aina ileile iliyonyesha Jumatano iliyopita, siku ambayo mama mtu mzima na mwanawe mkubwa walikutwa wamekufa ndani ya gari nje ya hospitali. Walikuwa wamewahi foleni ya kliniki. Kwa sababu ya baridi walifunga vioo vyote wakaacha injini inanguruma ili wapate joto. Mlinzi wa hospitali alipogonga kioo saa mbili, alidhani wamelala.

Mpelelezi aliyepewa jalada la vifo hivyo aliitwa Rula na wenzake, kwa sababu hakuwahi kwenda kwenye tukio lolote bila rula yake ya chuma ya sentimita thelathini. Kwanza walimwita hivyo kwa kumcheka. Miaka ikapita, mwanamke huyo akapanda cheo, kicheko kikaisha, jina likabaki.

Asubuhi hiyo aliweka mabomba matatu ya ekzosi, ya kutolea moshi wa gari, juu ya meza yake, akainamisha kichwa, akamwomba Mungu ampe macho ya kuona kilichopo na si anachokitaka. Kisha akachukua sumaku.

Bomba la kwanza lilitoka kwenye gari la marehemu. La pili alilipata juzi kwenye jaa la vyuma chakavu, kwenye gari la aina ileile na la mwaka uleule. La tatu lilitoka kwenye gari la aina hiyohiyo lakini kongwe zaidi, lililotengenezwa miaka minne kabla. Yote matatu yalikuwa na muhuri wa kiwanda kimoja na namba moja ya kifaa, tarakimu kwa tarakimu.

Sumaku ilipogusa bomba kongwe ilianguka, maana stenlesi ile, chuma kisichoshika kutu, haikuwa ya kushikwa na sumaku. Ilipogusa mabomba mawili mapya zaidi ikang'ang'ania hata akalazimika kuivuta kwa nguvu.

Alipima tena ufa kwenye bomba la marehemu. Ulikuwa kwenye kile kipande cha mbele chenye mikunjo kama ya koromeo, ambacho mafundi hukiita fleksi. Kipande hicho kinakaa karibu na injini, chini kabisa ya miguu ya dereva, na moshi ukivuja hapo huingia ndani ya gari. Ufa ulikuwa kwenye mkunjo wa tatu. Kutoka hapo hadi mahali ambapo fundi wa gereji aliyekamatwa kwa vifo hivyo alichomelea kishikio cha bomba ni sentimita kumi na nane kamili. Na bomba la jaani, ambalo halikuwahi kuguswa na fundi yeyote, lilipasuka kwenye mkunjo huohuo wa tatu.

Mkuu wake aliingia, akayatazama mabomba kama mtu anayetazama vyombo visivyooshwa. Alisema ameshasikia habari ya sentimita kumi na nane. Moto wa kuchomelea unasafiri ndani ya chuma, alisema, kila mtu anajua. Fundi ndiye mtu wa mwisho kushika bomba lile, siku kumi na mbili kabla ya vifo. Familia yenyewe inamlaumu na itakuja saa nane mchana kutia saini maelezo. Mazishi ni saa kumi. Kesho asubuhi mtuhumiwa anafikishwa mahakamani, na jalada linaondoka mezani.

"Mpaka saa nane una muda wa kucheza na sumaku," alimalizia.

"Ahsante, afande," Rula akajibu, kwa sababu alikuwa ameshakipata alichokihitaji, yaani muda.

Fundi mwenyewe aliletwa kutoka mahabusu. Mtaani walimwita Nati. Alikuwa mdogo wake yule dereva aliyekufa, na yule mama aliyekufa ndiye aliyemzaa. Hiyo ndiyo ilikuwa sumu ya kesi nzima. Tangu Jumatano hakuna ndugu aliyemletea hata shuka. Baba yao mdogo alikuwa ameshatoa tamko kwamba mtu aliyewaua wawili kwa mkono wake hatatia udongo kwenye makaburi yao.

Nati hakujitetea, na hiyo ilimsumbua Rula kuliko kama angepiga kelele. Alisimulia tena alivyoletewa gari na kaka yake, kishikio cha ekzosi kimekatika, bomba linagongagonga chini. Alikichomelea bure, maana ni gari la kaka. Rula akamwomba asimulie kazi yenyewe, hatua kwa hatua, hata mambo ya kipuuzi.

"Mara ya kwanza lilitoboka," Nati akasema.

"Nini kilitoboka?"

"Bomba. Niliweka moto wa stenlesi, kama siku zote kwa magari yale. Nilipogusa tu, likatoboka kama karatasi. Nikapunguza moto, nikabadilisha waya, nikaziba tundu, nikaunga kishikio." Alitazama mikono yake. "Pale ndipo nilipowaua, afande. Chuma kilikuwa kinaniambia kitu, mimi nikaendelea na kazi."

Rula aliandika maneno hayo yote, akayapigia mstari. Hakumwambia kwamba ameua au hakuua. Alimuuliza tu kama fundi yeyote anaweza kuchomelea chuma kile kwa moto wa stenlesi. Nati akasema hapana. Hata awe bingwa, ni lazima abadilishe moto na waya, la sivyo atatoboa kila bomba analoligusa.

Hiyo ilitosha. Saa tatu na nusu Rula alikuwa kwenye lango la kiwanda chenye muhuri ule, bomba la marehemu limeviringishwa ndani ya gunia kwenye buti ya gari la polisi.

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na sakafu inayong'aa na viti ambavyo mtu akikaa vinammeza. Ukutani zilipangwa picha za washindi wa shindano la kila mwaka la wafanyakazi, la wazo bora la kupunguza gharama. Katika picha ya mwaka juzi alisimama mzee mwenye mvi, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi, ameshika cheti kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga.

Meneja wa ununuzi alimpokea mwenyewe. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye tai nyembamba na majibu yaliyokuwa tayari kabla ya maswali. Alimpa pole, akatamka pole hiyo mara tatu. Halafu akafungua majalada. Karatasi zilionyesha kifaa kile, namba ileile, chuma kilekile cha stenlesi, tangu gari lilipoanza kutengenezwa hadi leo. Cheti cha majaribio ya uimara kilikuwepo, chenye saini na muhuri. Rula akauliza ingekuwaje kama kiwanda kingetaka kubadilisha chuma. Meneja akaeleza, tena kwa fahari, kwamba hilo haliwezekani kimyakimya. Chuma kikibadilika namba ya kifaa inabadilika, na namba ikibadilika majaribio yanaanza upya, miezi kumi na minane barabarani.

"Basi kama namba haijabadilika..." Rula akasema.

"Chuma hakijabadilika. Ni hesabu rahisi, mama."

Rula akatoa sumaku, akasimulia ilivyong'ang'ania. Meneja hakushtuka. Alitabasamu kwa huruma, kama daktari anayemwona mgonjwa aliyejitibu kwa majani. Soko limejaa vipuri bandia, alisema. Kugonga muhuri wa kiwanda kwenye bomba la kichochoroni ni kazi ya dakika mbili. Na mafundi wa gereji wanavijua vichochoro hivyo vizuri. Amuulize fundi wake alilinunua wapi.

Jibu lile lilikuwa zuri, na ubaya wake ni kwamba lingeaminika. Rula aliona jinsi litakavyosikika mahakamani. Nati hakuwa fundi mzembe tu sasa. Alikuwa muuza vipuri bandia aliyemuuzia kaka yake kifo. Kama asingepata kitu ndani ya kiwanda chenyewe, safari hii ingekuwa imemkazia kamba kijana wa watu.

Akaomba aone mabomba yanavyotengenezwa, kwa kujifunza tu. Meneja akatazama saa, akakubali, akaongozana naye mwenyewe ili amwonyeshe kile alichotaka aone.

Sehemu ya kuchomelea ilikuwa mwisho wa jengo, vibanda sita vilivyotenganishwa kwa mapazia mazito mekundu. Ndani ya kila kibanda mlikuwa na fundi, meza, mashine, na mwanga mkali unaowaka na kuzimika. Meneja alizungumza kwa sauti ya kushindana na kelele. Rula hakumsikiliza. Alikuwa anatazama ubavu wa mashine.

Kila mashine ilikuwa na maandishi ya kalamu nyeupe ubavuni. Alipouliza, fundi wa kibanda cha kwanza akamweleza bila wasiwasi kwamba ni desturi ya kazi. Fundi akishapata kipimo cha moto kinachofaa kwa bomba fulani, anakiandika kwenye mashine yake, na tarehe, ili wa zamu ya pili asianze kubahatisha. Hakuna anayefuta. Kipimo cha zamani kinaachwa juu, kipya kinaandikwa chini.

Meneja alipita mbele ya maandishi hayo kila siku ya kazi. Kwake yalikuwa uchafu wa mafundi.

Rula alisogea kibanda cha pili, cha tatu, cha nne. Kwenye mashine ya nne palikuwa na mistari miwili, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwa kujilazimisha, herufi kubwa, zilizonyooka:

BOMBA LA MBELE: MOTO 7.
BOMBA LA MBELE JIPYA: MOTO 4. WAYA MWEMBAMBA. ANGALIA LINATOBOKA. TAREHE 3 SEPTEMBA.

Alisoma mara mbili. Karatasi zote za ofisini zilikuwa zimenyamaza, na namba ya kifaa ilikuwa imenyamaza pamoja nazo. Lakini aliyepanga kubadilisha chuma bila kubadilisha namba alikuwa mtu wa karatasi. Hakujua kwamba chuma kipya hakikubali moto wa zamani. Alibadilisha kila kilichoandikwa ofisini, akasahau kwamba watu wanaochomelea nao huandika.

Akatoa kamera, akapiga picha. Meneja akauliza anapiga nini. Rula akamwambia anapenda mwandiko.

Fundi wa kibanda cha nne alivua kofia yake ya kuchomelea. Ni yule mzee wa picha ya ukutani. Wenzake walimwita Mzee Cheche, na mmoja akamtania kutoka kibanda cha pili kwamba leo wamekuja kumchukua, ajiandae kwenda kula ugali wa serikali. Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye gunia ambalo konstebo aliyefuatana na Rula alikuwa amelileta na kuliegemeza ukutani.

Rula hakulifungua. Alisimama karibu naye, akamweleza kwa sauti ya kawaida kwamba watu wawili wamekufa, mama na mwanawe, na kwamba mtoto mwingine wa huyo mama, fundi wa gereji, yuko mahabusu kwa sababu bomba lilipasuka.

"Huyo fundi alichomelea wapi?" mzee akauliza.

"Kishikio."

"Kishikio kiko nyuma huko." Alipangusa mikono kwenye ovaroli, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Kishikio hakihusiani na mkunjo wa tatu."

Rula akamsogelea zaidi.

"Mzee wangu," akasema, "mimi sijataja mkunjo."

Pale hata wa kibanda cha pili alizima mashine yake. Meneja alianza kusema kwamba mahojiano yoyote lazima yapitie ofisi ya sheria. Rula akamjibu kwamba si mahojiano, ni mzee anazungumza na mwanawe. Kisha akamgeukia Cheche na kumwomba kwa heshima aseme kama anataka, na kama hataki anyamaze. Atakachonyamazia Mungu anakijua hata hivyo.

Mzee alikaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa. Aliyoyasema aliyasema akitazama sakafu. Wazo lilikuwa lake. Aliliandika kwa penseli na kulitia kwenye sanduku la shindano: kwa nini tutumie stenlesi ghali kwenye bomba la nyuma, kule mwisho, ambako moshi umeshapoa na hata likitoboka linapiga kelele tu? Chuma chepesi kilichopakwa kinga ya kutu kingetosha. Likapendwa. Akapigwa picha. Mkewe akatengeneza fremu ya cheti. Miezi mitano baadaye mabomba ya mbele, ambayo yote yalichomelewa kwenye kibanda chake, yaliletwa yametengenezwa kwa chuma hichohicho. Aliuliza. Aliambiwa kwamba kama wazo ni zuri nyuma, litakuwa zuri maradufu mbele, na kwamba yeye ndiye wa kwanza anayepaswa kufurahi. Akaambiwa pia kwamba kuna kiwanda kingine ng'ambo kinachoitaka kazi hiyo.

Mabomba yalianza kurudishwa baada ya mwaka. Yaliletwa kwake ayakate kwa grenda yawe chakavu. Mkunjo wa tatu, yote. Pale ndipo maji ya moshi yanapotulia gari likizimwa, na pale ndipo bomba linapopinda zaidi. Aliyakata arobaini na moja.

"Ulimwambia nani?" Rula akauliza.

"Nilimwambia mke wangu."

Rula alimweleza tu kwamba saa nane familia inakuja kituoni kutia saini ya kumtupa mtoto wao, na kwamba yeye, Rula, hana uwezo wa kumlazimisha mzee aje kusema. Meneja alikuwa amekwisha kwenda kando, simu sikioni, mgongo umegeuka. Alipogeuka tena alimwambia Cheche, kwa upole mwingi, akumbuke kwamba amebakiza miezi saba kustaafu.

Mzee alisimama. Akaning'iniza kofia yake kwenye msumari. Akamwambia wa kibanda cha pili amfungie gesi.

Saa nane kasoro kumi kaunta ya kituo ilijaa. Baba mdogo alikuwa amevaa suti ya msiba, kalamu tayari mkononi. Nyuma yake alisimama mjane wa yule dereva, kanga imefunika kichwa, uso umekauka kama wa mtu aliyelia mpaka akachoka. Mkuu wa Rula alikuwa ametandaza maelezo juu ya kaunta, ametia alama mahali pa saini. Rula akaingia na Mzee Cheche, akamwonyesha mkuu picha ya mashine. Mkuu aliisoma, akaisogeza karibu na macho, akaisoma tena. Halafu akayageuza maelezo yale chini juu, akaagiza Nati aletwe.

Baba mdogo aliuliza kuna nini tena. Rula akaeleza kwa maneno machache: sumaku, moto, namba, mabomba arobaini na moja. Baba mdogo alisikiliza hadi mwisho, lakini alikuwa mtu aliyekwisha kutamka mbele ya ukoo, na mtu wa namna hiyo hurudi nyuma kwa tabu. Alisema maandishi ya mashine hayawezi kumsafisha mtu. Leo yapo, kesho kiwanda kitaleta mawakili kumi, maandishi yatapakwa rangi, na huyu mzee atakuwa hakumbuki kitu. Mpaka hapo yeye anajua mkono mmoja tu ulioligusa bomba lile, na mkono huo hautagusa udongo wa makaburi.

Nati aliingia katikati ya maneno hayo. Alisimama palepale mlangoni. Hakuna aliyemsalimu. Mzee Cheche alimtazama kijana, akamtazama mikono, makovu madogo ya cheche, sawasawa na yake mwenyewe.

Mjane ndiye aliyesogea. Alipita katikati ya baba mdogo na kaunta, akaenda kusimama mbele ya Cheche, karibu sana.

"Ulijua?" akamuuliza.

"Nilijua, mwanangu."

"Mume wangu alikuwa anapanda gari hilo na watoto wangu. Ulijua?"

"Nilijua."

Konstebo aliyekuwa anaandika aliacha kuandika. Rula alidhani mwanamke atampiga, na alijua asingemzuia. Lakini mjane alinyoosha mkono, akamshika Nati kwenye mkono wa shati, akamvuta hadi akawa uso kwa uso na yule mzee.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mwambie shemeji yangu. Sema kwa sauti, baba mdogo asikie, na hawa polisi wasikie, na Mungu asikie. Kama huwezi kusema hapa, mahakamani hutaweza. Tuna saa mbili tu, mzee. Huyu ana mama wa kuzika."

Baba mdogo aliirudisha kalamu mfukoni.

Mzee Cheche alisimama wima, mikono imeshuka ubavuni. Aliongea akimtazama kijana, hakumtazama mwingine yeyote.

"Siku watakayoniita mahakamani, nitakwenda. Wakinifukuza kazi, nitakwenda kwa miguu. Wakinipa pesa ninyamaze, nitakwenda nazo mkononi jaji azione. Nitasema wewe huna kosa. Nitasema lile bomba nililichomelea mimi, kwa mkono huu, na kwamba siku nilipolichomelea nilikuwa najua."